Jiwe la Chumba Cheupe

Ilikuwa mwaka wa 2020. Hapana, tusidanganyane: 2020 ni ule mwaka wa barakoa, depo nyingi za kununulia madini zilikuwa na kufuli mlangoni na hapakuwa na mtu wa kukaushiwa madini. Basi ilikuwa 2021, mwisho wa kiangazi, vumbi limewafunika watu wa Kolwezi mpaka kwenye kope, siku Hénock mwana wa Kyungu aliporudi nyumbani, mtaa wa Dilala, ameshika kopo la maziwa lililojaa maji, na ndani ya maji mlikuwa na jiwe.

Lakini tuanze na Kyungu, maana jiwe bila Kyungu si kitu.

Alikuja mjini kijana, kutoka kaskazini, upande wa Waluba wa mtoni, juu ya behewa la treni akiwa amekalia gunia la samaki wakavu. Akafanya kazi ya mikono katika kampuni ya zamani mpaka kampuni ikaacha kulipa watu wake. Ikamwachia nyumba ya vyumba viwili na kikohozi. Wachimbaji wa mkono walipoanza kumiminika kutoka kila pembe ya Kongo, yeye alikwisha kuwa na magoti ya mzee, hakuweza kushuka shimoni. Ndipo akashika kazi ya kukausha.

Kukausha si kazi ya kusifiwa. Mchimbaji anatoa madini, akina mama wanayaosha mtoni, yanakuja mazito kwa maji, na depo hainunui maji. Pale depo kuna mtu mwenye kamashini, kale kamashine kadogo, anakachomeka kwenye gunia, kanasoma unyevu, wenyewe wanauita imidite, na kwa imidite hiyo gunia linakatwa bei mpaka mwenye mali analitazama kama mtu aliyenyolewa kwa nguvu. Kwa hiyo kabla ya depo kuna Kyungu. Kiangazi aliyatandaza madini juu ya bashi, yale maturubai ya malori, akayageuza kwa reki kutwa nzima, akilifuata jua. Masika aliyaweka juu ya bati, chini akatia mbabula, yale majiko ya makaa, moto wa pole, kama mtu anayekaanga karanga za mgonjwa.

Kamashini hakukahitaji. Aliokota jiwe, akalibandika shavuni chini ya jicho, akafumba macho. Likiwa bado na maji alisema linalia, akalirudisha kwenye bati. Likinyamaza, basi. Na kule wana msemo wao, utausikia kwenye kila mizani: jiwe ya mayi, jiwe ya bongo. Yaani jiwe lenye maji ni jiwe la uongo. Mtu akileta gunia bichi hawamtukani. Wanamwambia tu kwa upole arudi wiki ijayo, na wote wanajua kwamba ameitwa mwizi. Kyungu hakuwahi kurudishwa. Hiyo ndiyo ilikuwa heshima yake, na hakuwa na nyingine.

Sasa Hénock. Alikuwa mtoto pekee aliyebaki kwa Kyungu na mkewe Ernestine; wawili waliomtangulia walilala mapema. Alishukia shimo la mtu mmoja anaitwa Stany. Mwenye shimo huku huitwa PDG, yaani mkurugenzi mkuu kwa Kifaransa, hata kama ofisi yake ni kiti cha plastiki na mwavuli. Stany alikuwa PDG wa namna hiyo, mtu wa kucheka sana, mwenye meno mazuri.

Siku ile ya kopo la maziwa, Hénock alieleza kwamba huko chini wametoboa ukuta wakaangukia kwenye uwazi, kama chumba. Kuta zote zilikuwa nyeupe, zimeota vijiwe vyembamba vilivyosimama wima kama meno ya mtoto. Shaba hamna, kobalti hamna. Wenzake walitukana wakaendelea mbele. Yeye akabandua kipande kimoja kwa sababu ya uzuri wake. Jana yake alikuwa amekitia kingine mfukoni, na hicho ndicho kilichomshangaza.

“Tata, hii jiwe usiiache ikauke,” alimwambia baba yake. “Ingine nilitiaka mu mufuko, asubui nakuta bunga tu. Inakufaka na kiu.” Bunga, kwa wenyeji, ndio unga.

Kyungu alicheka mpaka akakohoa. “Jiwe ya kufa na kiu! Mi nakaushaka mawe tangu weye ungali ku mugongo ya mama yako. Ulikalia ile jiwe, mutoto. Matako njo ilifanya bunga.”

Ernestine naye alicheka. Wakaliweka kopo kwenye dirisha. Asubuhi Hénock akaenda kazini, akavua viatu mdomoni mwa shimo kama wanavyofanya wote, maana chini huko mguu mtupu unashika vizuri zaidi. Mchana mvua ya kwanza ya mwaka ikapiga. Ardhi iliyokuwa imepasuka kwa kiangazi ikanywa kwa pupa, ikawa nzito, na shimo la Stany likakaa chini.

Wanne walitoka kabla halijajifunga. Hénock hakutoka.

Hapo ndipo kazi ya Stany ilipoanza. Kwa sheria ya ushirika wa wachimbaji, mtu akijulikana yuko chini, shimo linasimama. Hakuna anayechimba pale mpaka mwenzao atolewe, akiwa hai au maiti, na gharama ni ya PDG. Basi Stany akasema chini hakuna mtu. Hénock? Hénock aliacha kazi zamani, kabla chumba cheupe hakijatobolewa. Alimfuata mwanamke kule Sandoa, mji wa mbali. Wale wanne waliotoka waliulizwa. Walikula mkononi mwa Stany, na mvua ilikuwa imeanza, na kila mmoja alikuwa na watoto. Mmoja alisema hakumbuki. Mwingine alisema chini kuna giza. Wa tatu na wa nne waliwasikiliza wale wawili, wakasema vilevile.

Kyungu aliviokota viatu vya mwanawe pale mdomoni mwa shimo, akaenda navyo kwa Stany. Stany alivitazama, akamwambia kwamba vijana wa siku hizi wakipenda wanakimbia hata bila viatu.

Watu wa Dilala hawakuja kukaa matanga. Wangekaaje? Kukaa matanga ya mtu aliyeko Sandoa ni kumwitia kifo. Mchungaji alikataa kuomba sala ya wafu, akaomba ya wasafiri. Ernestine hakunyoa nywele, hakuruhusiwa kulia kwa sauti. Majirani walimkataza kwa mapenzi mema, wakisema atamfungia mtoto njia. Kila jioni alimfunikia mwanawe sahani moja ya bukari, yaani ugali. Asubuhi akaimwagia kuku wa jirani. Kyungu alitaka kitu kimoja tu duniani: mifupa ya mwanawe juu ya ardhi, ili mama yake apate kulia.

Alikwenda depo akiwa na lile kopo, aulize ni jiwe gani. Pale palikuwa na dada mmoja, Adèle, aliyesoma mambo ya mawe chuoni, ndiye aliyepima madini. Hakumcheka. Alilitoa jiwe majini kwa vidole viwili, akaliweka chini ya kioo, akakaa nalo muda. Kisha akamweleza, na Kyungu alimsikiliza kama mtu anayesomewa barua.

Alisema jiwe hilo ni la ukoo wa zeoliti, na jina lake lenyewe ni lomontiti. Linazaliwa pale maji ya moto yanapopita ndani ya mwamba siku nyingi sana. Ndani mwake kuna vyumba vidogo ambavyo jicho haliwezi kuviona, na katika kila chumba maji yameketi. Ukilitia motoni linatokota, ndiyo maana walioupa ukoo huo jina waliuita jiwe linalochemka. Ndugu zake wengi wana kazi duniani: wanatiwa kwenye mitambo ya kusafisha maji, wanashika sumu za madini zisipite, wanatandazwa kwenye mabanda ya kuku kunyonya harufu ya mkojo, wanatiwa hata kwenye sabuni ya unga. Hao ukiwakausha, ukiwarudishia maji wanakunywa tena, wanakuwa kama walivyokuwa. Huyu hapana. Huyu akipoteza maji yake anabomoka, na hata ukimwagia mto mzima harudi. Tena alisema kwamba katika mawe yote aliyoyapima Kolwezi hajaliona hata mara moja, ila hilo.

Kyungu akauliza: basi mtu mwenye jiwe hilo mkononi ni lazima alifika kwenye chumba cheupe?

Adèle akasema ni lazima.

Kyungu akamwomba aje aseme hivyo mbele ya ushirika. Adèle alitazama mlango. Depo ilikuwa ya shemeji yake Stany. Hilo Kyungu hakulijua, au alilijua akaona si neno. “Tata, peleka jiwe,” alisema Adèle polepole. “Jiwe itasema yenyewe. Iache tu mu mayi.”

Rais wa ushirika aliitwa Gradi, mtu asiyependa kelele. Alimsikiliza Kyungu, akamwita Stany, akasikiliza na upande wake, kisha akasema neno ambalo watu wa mizani wanalipenda: “Neno ya mutu inageukaka. Jiwe haigeukake. Tata, siku ya mukutano ulete ile jiwe ku meza. Kama ni ya chumba cheupe, mutoto alikuwa mule, na tutachimbua.”

Stany hakucheka siku hiyo.

Sasa tazama jinsi mtu anavyoweza kuangamizwa na kitu anachokijua vizuri kuliko vyote. Kyungu alilitunza jiwe majini wiki zile zote. Alibadilisha maji kila asubuhi kabla hajanawa uso. Lakini siku moja kabla ya mkutano alikaa kitako, akaanza kufikiri. Alijiona amesimama mbele ya meza ya mizani, meza ileile ambapo miaka yote hiyo aliwapelekea watu madini makavu. Alijiona anatumbukiza mkono koponi na kutoa jiwe linalochuruzika. Aliwasikia watakavyosema, kwa upole, kama wanavyowaambia wezi: jiwe ya mayi, tata, rudi wiki ijayo. Akaona aibu hata akiwa peke yake.

Ernestine alimkumbusha maneno ya mtoto na maneno ya dada wa depo. Kyungu akasema amesikia, hatalikausha tumbo, atalikausha ngozi tu, ili lisichuruzike mbele za watu. Nani wa kumfundisha kukausha ngozi ya jiwe?

Aliweka bati, chini akatia makaa machache, akayafunika jivu. Akaliweka jiwe katikati. Alipolibandika shavuni lilikuwa linalia. Akalirudisha. Maji yalitoka kwenye nyufa zake, matone madogo kama jasho la puani, yakachemka pale juu ya bati na kukauka, na nyuma yake yakaja mengine. Kyungu hakuwahi kuona jiwe dogo lenye maji mengi namna hiyo. Mkono wake ulijua kipimo kimoja tu: kukausha mpaka jiwe linyamaze. Kila alipolibandika shavuni lilikuwa bado linalia, na kila lilipolia alisema moyoni, kidogo tu, kidogo tena. Mwishowe lilinyamaza. Lilikuwa limebadilika rangi, weupe wa maziwa, lakini lilisimama zima kiganjani, jepesi, kavu, safi. Alimwonyesha Ernestine. Alikuwa na fahari, kwa mara ya kwanza tangu mvua ile.

Alilifunga katika leso yake ya kanisani, akapanda taksi-moto. Njia ya kwenda ushirika imeliwa na malori, ni mashimo matupu. Alilikumbatia kifuani kwa mikono yote miwili, mpaka kijana wa pikipiki akamuuliza kama amebeba mayai. Kyungu akamjibu kwamba amembeba mtoto. Kijana akapunguza mwendo, akafikiri mzee amerukwa na akili kidogo.

Mezani walikuwapo Gradi, Stany, wale wanne, na Adèle aliyeitwa kupima. Nyuma walisimama wachimbaji wengi, maana habari ilikuwa imetembea. Kyungu alisalimia mmoja mmoja. Akaweka leso mezani, akaifungua pembe ya kwanza, na ya pili, na ya tatu. Kisha ya nne.

Palikuwa na unga. Kachungu ka unga mweupe, na juu yake vipande viwili vyembamba ambavyo pumzi ya Gradi peke yake iliviangusha.

Kyungu alitia kidole, akakorogakoroga, kama mtu anayetafuta sarafu. Akainua leso, akatazama chini yake. Akatazama sakafuni.

Stany ndiye aliyezinduka kwanza. “Tata Kyungu, weye ulikosea njia,” alisema. “Bunga inapelekwaka kwa mama apike bukari. Hapa tunapimaka mawe.”

Kicheko kilianzia nyuma, kikaja mbele. Hata wale wanne walicheka, tena hao ndio walicheka zaidi, maana walikuwa na hofu tangu asubuhi. Kyungu aliwasubiri wamalize. Kisha akamgeukia Adèle, akamwambia kwa sauti ya mtu anayeomba maji kwamba yeye aliliona jiwe likiwa zima, na alilitaja kwa jina.

Gradi naye akamtazama Adèle. Stany akamtazama Adèle.

“Mi naona bunga, président,” alisema Adèle. Hakuinua uso. “Bunga ya bweupe kila mutu anaweza kuwa nayo.”

Gradi alivuta pumzi. Alisema ushirika hauwezi kusimamisha shimo kwa unga. Alisema anasikitika, na huenda alisikitika kweli. Stany alinyoosha mkono, akaufagia ule unga kutoka mezani kwa kiganja, pole tu, kama mtu anayeondoa makombo kabla ya kula, na mwingine ukaangukia viatu vya Kyungu. Mzee aliinama akataka kuukusanya. Ukaingia kwenye vumbi, na ukishaingia kwenye vumbi hakuna anayeweza kuutenga tena.

Jioni ile Stany alituma mtu nyumbani Dilala na mfuko wa unga wa mahindi. Ujumbe ulikuwa kwamba wazee wasile mawe tu, wale na unga huu. Ernestine aliutazama mfuko siku ya pili kutwa nzima. Siku ya tatu akasonga bukari, wakala, kwa sababu hakuna depo iliyokuwa inampa tena Kyungu kazi ya kukausha, na nyumbani hapakuwa na kingine. Ile sahani ya kufunika hakuifunika tena.

Jina lilimganda. Tata Bunga. Watoto wa Dilala walilipiga kelele akipita, na wakubwa walilisema kwa heshima kabisa, kama jina la ubatizo: shikamoo Tata Bunga, habari ya Sandoa? Na wale waliompenda walifanya vibaya zaidi, walimletea salamu za uongo kwamba kijana ameonekana kule, amenenepa, ana mtoto. Ernestine alianza kuziamini. Aliziuliza kwa undani, mtoto ni wa kike au wa kiume, anafanana na nani. Kyungu alitoka nje kila zilipoletwa.

Kiangazi kilichofuata alipata kazi tena. Aliyempa ni Stany, kwa sababu waliokausha baada yake walikuwa wanamrudishia magunia mabichi, na Stany hakuwa mtu wa kuchukia fundi mzuri. Kyungu alikubali. Alitandaza bashi, akashika reki, na watu wakasema mzee hana haya. Wengine wakasema ana njaa. Wote walikosea. Alikuwa anangoja.

Magunia yalikuja, shimo baada ya shimo, meusi na ya kijani, akayageuza yote. Mpaka asubuhi moja lori likamwaga mzigo uliokuwa bado unachuruzika, na alipovuta reki mara ya kwanza akaona weupe. Aliinama. Vilikuwa vijiwe vyembamba, virefu, vimevunjikavunjika katikati ya madini, kama meno ya mtoto. Aliokota kimoja akakibandika shavuni chini ya jicho. Kilikuwa kinalia.

Watu wa Stany walikuwa wamerudi kulekule chini. Walizunguka wakachimba kutoka upande mwingine, wakapita katikati ya chumba cheupe, upande alikobaki Hénock, kisha wakaendelea mbele.

Alikitia kile kijiwe mdomoni, chini ya ulimi, kisikauke. Wachimbaji waliokuja na lori walikuwa wamekaa kwenye kivuli chake wakitafuna muwa, na wale wanne walikuwa miongoni mwao. Kyungu alikwenda akasimama mbele yao na reki mkononi. Hakuwa na hasira. Mtu yeyote aliyekuwapo atakwambia hivyo. Mmoja alisogea ampe nafasi ya kukaa. Mwingine akamkatia kipande cha muwa. Mzee alikipokea, akashukuru, akakitoa kile kijiwe kinywani akawaonyesha kiganjani, kibichi, kinang'aa. Waliacha kutafuna. Alisema hatamwambia Stany, hatamwambia Gradi, hataki makesi na mtu. Anataka tu kwenda kumwambia mama wa Hénock. Kisha akawauliza swali lake. Mmoja alipanda juu ya lori, mwingine akaanza kufunga kamba iliyokwisha kufungwa, na dereva akawasha injini. Akawauliza tena kesho yake, na kiangazi kilichofuata, na bado anawauliza kila anapowakuta njiani:

“Bana bangu, mulipopita mule mu chumba cheupe, mutoto wangu mulimuweka wapi?”